Kuunganisha seva na wateja kwa rsync: namna ya kusawazisha mafaili kwenye mtandao bila kuyapoteza

Programu ya rsync ilitangazwa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwezi Juni 1996, na hadi leo ni chombo cha kila siku kwa yeyote anayetunza kompyuta za Linux. Kinachowavutia watu kwake ni kwamba haitumi faili zima pale ambapo ni sehemu ndogo tu iliyobadilika. Upande unaopokea huigawa nakala yake ya zamani katika vipande, hukokotoa alama fupi ya kila kipande na kuzipeleka alama hizo upande wa pili, nao upande wa pili hurudisha vile vipande tu ambavyo havipo kwenye nakala ile. Kwa ofisi inayonunua data kwa vifurushi, hilo ni jambo la fedha kabisa. Hata hivyo, wengi hukwama kabla hawajafika huko, kwenye kuufungua muunganisho wenyewe: nani awe seva, nani awe mteja, aruhusiwe kupita wapi, na afikie folda ipi.

Katika mwongozo huu nitatumia mfano mmoja. Ofisi kuu ina seva ya Debian au Ubuntu yenye anwani 192.168.10.5, nayo ndiyo inayohifadhi nyaraka. Kompyuta za jengo lilelile zinatakiwa ziwe na nakala za nyaraka hizo, na tawi lililo mji mwingine linatakiwa lizipate kila usiku kupitia intaneti. Mwelekeo ni mmoja: nyaraka zinatoka kwenye seva kwenda kwa wateja. Nalisisitiza hili tangu mwanzo kwa sababu rsync haikuundwa kuoanisha mabadiliko yanayofanywa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Anayehitaji watu wa pande mbili wahariri folda ileile atafute programu za Unison au Syncthing, kwani akiilazimisha rsync kufanya kazi hiyo, kuna siku kazi ya mtu itafutwa na nakala ya zamani.

Kuna njia mbili za kuunganisha, na zinatofautishwa na alama ndogo sana katika amri. Nukta mbili zikiandikwa mara moja baada ya jina la seva (`seva:folda`), mteja huingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mawasiliano yaliyosimbwa), na rsync ya upande wa seva huwashwa kwa muda wa kazi hiyo tu. Zikiandikwa mara mbili (`seva::moduli`), au anwani ikianza kwa `rsync://`, mteja huzungumza moja kwa moja na huduma ya rsync ambayo inakaa ikisikiliza kwenye poti 873 (poti ni mlango wenye namba wa huduma ya mtandao; moduli ni jina ambalo seva imeipa folda inayoigawa). Njia ya pili ni nyepesi na ni rahisi kuigawia wateja wengi, lakini mafaili husafiri yakiwa wazi bila kusimbwa, hata kama nenosiri lenyewe halitumwi kama lilivyo. Kwa hiyo kanuni yangu ni thabiti: huduma ya poti 873 ibaki ndani ya mtandao wa jengo, na kila kinachopita kwenye intaneti kipite ndani ya SSH.

Kabla ya kugusa chochote, angalia toleo kwa `rsync --version` kwenye kompyuta zote. Mwezi Januari 2025 zilitangazwa kasoro sita za usalama, na mbaya zaidi kati yake ilimwezesha mtu mwenye ruhusa ya kusoma tu kuiendesha seva atakavyo. Marekebisho yalikuja katika toleo 3.4.0. Debian na Ubuntu huyarudisha marekebisho ya aina hii kwenye matoleo ya zamani bila kubadilisha namba kuu, kwa hiyo usiogope ukiona namba ndogo. La muhimu ni kwamba mfumo umesasishwa baada ya tarehe hiyo.

Sasa tuanze na seva ya ndani ya jengo. Tengeneza mtumiaji asiye na madaraka, tumwite `nyaraka`, anayeweza kuyasoma mafaili hayo na si zaidi. Kisha andika faili la mipangilio, `/etc/rsyncd.conf`:

```
uid = nyaraka
gid = nyaraka
use chroot = yes
max connections = 8
log file = /var/log/rsyncd.log

[mafaili]
    path = /srv/diski/nyaraka
    comment = Nyaraka za ofisi
    read only = yes
    auth users = tawi
    secrets file = /etc/rsyncd.secrets
    hosts allow = 192.168.10.0/24
```

Neno lililo ndani ya mabano ya mraba ni jina la moduli, na mteja hulijua jina hilo tu. Hana haja ya kujua folda yenyewe iko wapi kwenye diski. Mstari wa `use chroot` huifungia huduma ndani ya folda hiyo ili isiweze kutazama nje yake. Mstari wa `read only` ungekuwa hivyo hata usipouandika, lakini mimi huuandika kila mara ili atakayefungua faili hili baada yangu asilazimike kukisia. Mstari wa `hosts allow` ukiwapo, anayetoka nje ya anwani hizo hukataliwa. Ukiachwa, kila mwenye njia ya kuifikia seva anakaribishwa kujaribu nenosiri. Jina `tawi` lililo kwenye `auth users` (ni jina tu, si lile tawi la mji mwingine) si lazima liwe la mtumiaji wa mfumo, kwa kuwa linatambuliwa na rsync peke yake.

Nenosiri huandikwa katika `/etc/rsyncd.secrets`, mstari mmoja kwa kila mtumiaji, kwa mpangilio wa `tawi:nenosiri`. Faili hilo lazima liwe mali ya root, mtumiaji mkuu wa mfumo, na lisisomwe na wengine, kwa hiyo toa amri `chmod 600 /etc/rsyncd.secrets`. Ukisahau, huduma italikataa faili zima, na mteja ataambiwa tu kwamba uthibitisho umeshindikana. Wengi hutumia saa nzima wakibadilisha nenosiri ambalo halikuwa na kosa lolote, wakati sababu imeandikwa waziwazi kwenye kumbukumbu za seva.

Washa huduma na ufungue ukuta wa mtandao (firewall) kwa wenyeji wa jengo peke yao:

```
sudo systemctl enable --now rsync
sudo ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 873 proto tcp
```

Kwenye Debian na Ubuntu huduma hii haiwaki mpaka `/etc/rsyncd.conf` liwepo, ndiyo sababu tumeliandika kwanza. Kwenye Fedora na jamaa zake, huduma iko katika kifurushi cha pekee kiitwacho `rsync-daemon`, na jina lake la kuwashia ni `rsyncd`. Baada ya hapo, ukibadilisha moduli huna haja ya kuizima na kuiwasha huduma, maana faili la mipangilio husomwa upya kila mteja anapoingia.

Upande wa mteja usikimbilie kunakili. Panda ngazi moja baada ya nyingine, na usiiache ngazi mpaka imekujibu. Kwanza `nc -zv 192.168.10.5 873` ikuonyeshe kwamba poti inafikika. Ikishindikana, tatizo ni la mtandao au la ukuta, na hakuna neno la kubadilisha ndani ya rsync litakalokusaidia. Pili `rsync rsync://192.168.10.5/` ikuorodheshee moduli. Ukiliona jina `mafaili` na maelezo yake, huduma inasikia. Tatu, jaribio lisilogusa kitu:

```
rsync -avn rsync://tawi@192.168.10.5/mafaili/ /home/ofisi/nyaraka/
```

Herufi `n` huiambia rsync ieleze itakachofanya bila kukifanya. Soma orodha hiyo kwa makini, hasa njia za mafaili. Chanzo kikiwa folda, si moduli nzima kama hapa, mkwaju (`/`) wa mwisho una maana yake: ukiwapo, kinachonakiliwa ni vilivyomo ndani ya folda, ukikosekana, folda yenyewe hunakiliwa pamoja na jina lake, na utajikuta na folda ndani ya folda. Ukiridhika, ondoa `n`. Ili amri iweze kujiendesha bila mtu kuandika nenosiri, liweke nenosiri peke yake katika faili la mteja lenye ruhusa ya 600, kisha ongeza `--password-file=` ikifuatwa na njia ya faili hilo.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo nyaraka hupotea. Ili nakala ya mteja ifanane kabisa na seva, huongezwa `--delete`, ambayo huondoa kwa mteja kila kisichokuwapo kwenye chanzo. Niliwahi kuitwa mahali ambapo umeme ulikatika usiku, na uliporudi seva iliwaka kabla diski ya nje haijapachikwa (mount), yaani kabla haijaunganishwa na folda yake. Folda ya kupachikia diski ilikuwapo, ila ilikuwa tupu. Huduma haikuona kosa lolote, mteja akaunganishwa vizuri, akaona chanzo hakina kitu, akafuta nakala yake yote kwa utiifu. rsync huacha kufuta inapokutana na hitilafu ya kusoma chanzo, lakini folda tupu si hitilafu.

Kinga yake ni rahisi, nami nimeshaiweka katika mfano wa juu bila kuitaja. Diski imepachikwa kwenye `/srv/diski`, ilhali moduli inaelekea `/srv/diski/nyaraka`, folda iliyo ndani ya diski yenyewe. Diski ikikosekana, folda hiyo haipo, na mteja hupokea jibu la `@ERROR: chroot failed` badala ya kupokea utupu. Ongeza na `--max-delete=50`, au idadi yoyote inayolingana na kazi zenu za siku, ili hata jambo lisilotarajiwa likitokea, madhara yake yawe na kikomo.

Tawi la mji mwingine halitatumia poti 873. Kwenye kompyuta ya tawi tengeneza jozi ya funguo ya kazi hii peke yake:

```
ssh-keygen -t ed25519 -f ~/.ssh/rsync_tawi
```

Kwa kuwa kazi itajiendesha usiku, ufunguo huu hautakuwa na nenosiri, na ndiyo maana lazima ubanwe upande wa seva. Katika faili `authorized_keys` la mtumiaji `nyaraka`, tanguliza masharti mbele ya ufunguo wa umma, yote katika mstari mmoja:

```
command="rrsync -ro /srv/diski/nyaraka",restrict ssh-ed25519 AAAA...
```

`rrsync` ni programu ndogo inayokuja pamoja na rsync. Inakubali amri za rsync tu, ndani ya folda uliyoitaja tu, na `-ro` inazuia kuandika. Kompyuta ya tawi ikiibiwa, mwizi atapata nafasi ya kusoma nyaraka zilezile ambazo tayari zimo ndani ya kompyuta aliyoiba, lakini hatapata ganda la amri (shell, mahali pa kuandikia amri zozote) kwenye seva yenu; nanyi mtaufuta mstari huo siku hiyohiyo. Amri ya tawi itakuwa hivi:

```
rsync -az --partial-dir=.rsync-partial --timeout=120 --bwlimit=200 -e "ssh -i ~/.ssh/rsync_tawi" nyaraka@203.0.113.20:/ /home/ofisi/nyaraka/
```

Anwani hiyo ni ya mfano, weka yenu. Mkwaju baada ya nukta mbili hapa haumaanishi mzizi wa diski ya seva, kwani `rrsync` huuhesabu kuanzia folda iliyofungiwa. `-z` hubana data njiani. `--partial-dir` huhifadhi kipande cha faili kilichokwisha kufika, ili mtandao ukikatika katikati ya faili la megabaiti mia tatu, kesho yake kazi iendelee kutoka pale ilipoishia. `--bwlimit=200` huweka kikomo cha takriban kilobaiti 200 kwa sekunde, na bila hicho kazi ikichelewa hadi asubuhi itawanyima wenzako mtandao. Kwenye ratiba ya cron, programu inayoendesha kazi kwa saa zilizopangwa, itangulize amri hiyo kwa `flock -n /tmp/rsync_tawi.lock`, ili kazi ya leo isianze juu ya ile ya jana ambayo haijakwisha.

Muunganisho ukikataa, majibu ya rsync yana maana mahususi. `@ERROR: Unknown module` kwa kawaida ni jina la moduli lililoandikwa vibaya, au anwani yako haimo kwenye `hosts allow` wakati moduli imefichwa kwa `list = no`. `auth failed` ni nenosiri, jina, au ruhusa za faili la siri. Ujumbe unaouliza kama ganda lako ni safi, `is your shell clean?`, hutokea kwenye SSH pale ambapo `.bashrc` ya mtumiaji wa seva inachapisha salamu au maandishi yoyote. Maandishi hayo huingia katikati ya mazungumzo ya programu mbili na kuyavuruga, kwa hiyo yaondoe. Namba 10 mwishoni mwa kazi ni hitilafu ya soketi, mara nyingi ukuta au huduma iliyozimwa. Namba 12 ina maana kwamba mazungumzo yalikatika baada ya kuanza, na sababu mara nyingi iko upande wa pili, kwa mfano diski imejaa. Namba 30 ni muda uliokwisha. Namba 23 yasema baadhi ya mafaili hayakupita, na hiyo isipuuzwe hata kidogo, kwa sababu kazi huonekana imekamilika ilhali faili ambalo mtumiaji `nyaraka` hana ruhusa ya kulisoma linaachwa nyuma kila usiku. Namba 24 ni nyepesi zaidi: faili lilikuwapo orodha ilipotengenezwa, likafutwa kabla ya kufikiwa. Andika `$?`, yaani namba hiyo ya matokeo ya kazi, kwenye faili la kumbukumbu kila kazi inapokwisha, na mtu mmoja apewe jukumu la kulisoma kila asubuhi.