Saiti imeshuka Google? Usishike kitu kwanza: namna ya kujua kama kweli umepigwa penalti

Kuna ile asubuhi unafungua takwimu za saiti unakuta mstari umelala chini, moyo unapiga paa, na neno la kwanza linalokuja mdomoni ni penalti. Basi unaanza, unafuta posti, unabadilisha vichwa vya makala zote, unang'oa linki, unaweka plagini mpya, unamlipa jamaa aliyekuambia anajua "kusafisha domeini", na ikifika wiki ijayo saiti imeharibika kweli kweli ila aliyeiharibu ni wewe.

Nasema hivi kwa sababu mimi yamenikuta. Nilikuwa najenga upya saiti yangu ya WordPress, nikaweka tiki kwenye kile kisanduku cha kuziambia injini za utafutaji zisiiguse, nikamaliza kazi, nikarusha hewani, tiki nikaisahau. Kurasa zikaanza kupukutika kwenye Google moja moja. Unajua nilifanya nini? Nilikaa wiki mbili nachambua linki moja moja nikitafuta nani kanichongea. Wiki mbili bana, kwa ajili ya kisanduku kimoja.

Kwa hiyo kabla ya yote elewa penalti ni kitu gani, maana watu wanaita kila mshuko penalti. Penalti halisi ni pale mfanyakazi wa Google, binadamu kabisa, ameangalia saiti yako akaona umevunja sera zao za spamu, akaipiga alama. Ikitokea hivyo unaambiwa, ujumbe unakuja ndani ya Search Console, kile chombo cha Google cha mwenye saiti kufuatilia saiti yake. Yaani refa akipuliza filimbi inasikika. Kitu cha pili ni algoriti, yaani ule mfumo wa kompyuta wa Google unaopanga matokeo, hiyo haimtumii mtu barua, inapanga upya matokeo na wewe unajikuta umeshuka kwa sababu wengine wameonekana bora au kwa sababu mbinu uliyokuwa unaegemea imeacha kufanya kazi. Machungu yanafanana, nakubali, lakini dawa yake ni tofauti kabisa, na ukichanganya hizo mbili ndipo unapoanza kupiga ramli.

Hofu yenyewe haikutoka hewani. Februari 2011 Google walitoa badiliko la algoriti waliloliita Panda, ikashusha saiti za makala nyepesi nyepesi, wenyewe walisema iligusa karibu asilimia 11.8 ya utafutaji kule Marekani. Aprili 2012 ikaja Penguin kwa wanunuzi wa linki, wale wanaolipia saiti nyingine ziwalinki ili wapande. Ubaya wa Penguin ya zamani ni kwamba ilikuwa inapita kwa vipindi, ukishapigwa unaweza kusafisha kila kitu na bado ukakaa kusubiri ipite tena, na kuna wakati watu walisubiri kutoka Oktoba 2014 mpaka Septemba 2016. Fikiria biashara ya mtu imekaa gizani karibu miaka miwili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wengi wanaotoa ushauri leo waliumwa kipindi kile. Ila tangu hiyo Septemba 2016 Penguin inafanya kazi muda wote ndani ya algoriti kuu, na mara nyingi linki mbovu inazipuuza tu badala ya kukushusha.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe.

Kwanza ingia Search Console, menyu ya pembeni tafuta sehemu iliyoandikwa Manual actions. Ukikuta tiki ya kijani na maneno kwamba hakuna tatizo, hujapigwa penalti. Fungua na ile ya chini yake, Security issues, hiyo ni kama saiti imedukuliwa. Angalia pia umefungua saiti sahihi humo ndani, kuna mtu amesajili toleo la http peke yake wakati saiti ilishahamia https siku nyingi, anaangalia nyumba ambayo hakai mtu. Bora usajili domeini nzima mara moja, inakusanya matoleo yote.

Kama ni kijani, hatua ya pili ni kuhakikisha kama trafiki imeshuka kweli au ni kipimo ndicho kimekufa. Hii inachekesha lakini inatokea sana, mtu kabadilisha themu, kodi ya takwimu (yale maandishi ya programu yanayohesabu wasomaji) ikaenda na themu ya zamani, Analytics inaonyesha sifuri wakati wasomaji wapo wanasoma. Linganisha na kliki za Search Console, zile hazitegemei kodi yoyote kwenye saiti yako. Kama huku ziko vilevile, rudisha kodi yako ukalale.

Ya tatu ndiyo iliyonishinda mimi. Chukua ukurasa mmoja ulioshuka, ubandike kwenye kisanduku cha ukaguzi kule juu ya Search Console, uone kama upo kwenye indeksi, yaani ile orodha ya kurasa ambazo Google imezihifadhi. Kama haupo utaambiwa sababu. Mara nyingi ni noindex iliyosahaulika, ile alama inayoiambia Google isiuweke ukurasa, au faili la robots.txt, lile linaloielekeza Google isome wapi, lina ule mstari wa Disallow wenye mkwaju peke yake unaofunga saiti nzima, au seva inarudisha makosa Google ikija kusoma, au umehamisha anwani za kurasa bila kuweka ridairekti ya kumpeleka msomaji kwenye anwani mpya. Hakuna adhabu hapo, umefunga mlango mwenyewe halafu unalalamika wageni hawaji.

Ya nne ni kusoma grafu, na hapa usiwe na haraka kwa sababu grafu inasema mengi ukiiangalia vizuri. Search Console inakupa data ya miezi 16, kwa hiyo linganisha na kipindi hicho hicho mwaka jana, usilinganishe na wiki iliyopita tu, mada nyingine zina msimu wake. Halafu angalia vitu vitatu pamoja: kliki, mara ulizoonekana, na nafasi. Kliki zimeshuka lakini unaonekana kama zamani na nafasi haijasogea? Basi ukurasa wa matokeo ndio uliobadilika, matangazo yameongezeka juu au msomaji anapewa jibu palepale na ile AI Overviews waliyoizindua Marekani Mei 2024, haendi kwa mtu yeyote. Nafasi imeshuka kwa maneno machache tu? Huenda mshindani ameandika kitu kizuri kukuzidi, inauma lakini ndiyo hali. Umeporomoka kwa siku moja kwenye kurasa zote? Kagua ulichobadilisha siku hiyo, halafu fungua ukurasa wa Google wa hali ya utafutaji, wanaorodhesha tarehe za apdeti kubwa zikianza na zikiisha.

Kama tarehe zinagongana na apdeti kubwa, kaa mikono mfukoni kwanza. Apdeti hizo huchukua siku nyingi kusambaa, mara nyingi kama wiki mbili hivi, na katikati hapo saiti inapanda na kushuka kama pumzi. Google wenyewe wanashauri usubiri angalau wiki nzima baada ya kuisha ndipo uanze kuchambua. Mtu anayefuta makala 200 siku ya tatu ya apdeti namwonea huruma, maana hata ikirudi hatajua kilichoirudisha.

Haya, uzushi. Nitaupitia kwa kadiri unavyosumbua watu.

Ule sugu kuliko wote ni wa kontenti kujirudia, eti ukiwa na maandishi yanayofanana kurasa mbili Google inakuadhibu. Walishakanusha tangu 2008, kwa maandishi, kwamba adhabu hiyo haipo kwa namna watu wanavyoisema. Kinachotokea ni kwamba inachagua ukurasa mmoja wa kuonyesha na mwingine inauweka kando. Tatizo lako linaweza kuwa imechagua usioutaka wewe, na hapo unaweka alama ya canonical kuionyesha upi ni mkuu. Kuiba makala za wenzio saiti nzima hiyo ni habari nyingine, ni spamu na inaweza kukuletea ile barua.

Unaofuata ni hofu ya linki za ajabu. Umefungua ripoti umekuta saiti za kamari za lugha usiyoijua zimekulinki, unaamini adui amekununulia. Inawezekana kweli mtu ana roho mbaya, lakini kila saiti yenye umri ina takataka hizo na Google imezizoea, inazipita. Kile kifaa chao cha kukana linki, yaani kuiambia Google isizihesabu, kilitoka Oktoba 2012 na wenyewe wanaonya kwamba saiti nyingi hazikihitaji na ukikitumia vibaya unajiumiza, kwa sababu ni rahisi sana kukana linki nzuri iliyokuwa inakubeba. Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft, wao walitangaza 2023 kwamba wanakiondoa cha kwao kabisa. Kitumie kama una barua ya linki mkononi, au unajua kabisa ulinunua linki nyingi na barua iko njiani. Na zile alama za "linki sumu" za rangi nyekundu kwenye programu za kulipia, Google haizioni wala haizijui, ni hesabu za muuza programu, na muuza programu anapata nini ukitulia?

Makala za akili mnemba je? Februari 2023 Google walieleza kwamba wanaangalia ubora, hawaangalii imeandikwa na nani au na nini. Watu wakasikia ruksa, wakamwaga kurasa maelfu kwa maelfu zisizo na mtu aliyezisoma hata mara moja, Machi 2024 zikaja sera mpya dhidi ya kuzalisha kontenti kwa wingi ili kupanda tu, na kuna saiti zilitolewa kwenye indeksi wiki hiyo hiyo zikiwa na barua. Kosa ni kumwaga kurasa tupu. Ukimwaga kwa kuandika na vidole vyako kumi bado ni kosa.

Mengine nayataja haraka. Kurasa za 404 haziadhibiwi, ni kawaida ya intaneti, ila kama ukurasa uliokufa ulikuwa na wasomaji uelekeze kwenye ulio karibu nao. Kusimamisha matangazo ya kulipia hakukushushi. Kulinki saiti za wengine hakukumalizi nguvu. Kuandika posti tano siku moja si dhambi. Kurudia neno kuu asilimia fulani ya makala hakuna hesabu hiyo, andika kama unavyoongea na mtu.

Na kuna uzushi wa upande wa pili, kwamba wakubwa hawaguswi. Saiti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwenye matokeo Februari 2006 kwa kutumia kurasa za mlango, zilizokuwa zinaonyesha Google kitu kimoja na msomaji kingine. Rap Genius walipigwa Krismasi ya 2013 kwa mpango wa kubadilishana linki na wanablogu, wakarudi baada ya siku kama kumi. Ila ninayoipenda mimi ni ya Januari 2012, Google walipogundulika kwamba kampeni ya kivinjari chao Chrome ilikuwa na linki ya kulipiwa, wakaushusha ukurasa wao wenyewe kwa siku 60. Sheria ni msumeno.

Sasa tuseme barua ipo kweli. Isome mpaka mwisho kabla hujalia. Inakuambia kosa ni lipi, na kama limegusa saiti nzima au sehemu tu. Nyingine si nzito kama zinavyosikika, mfano ile ya data ya muundo, ile kodi inayoieleza Google ukurasa una nini, inakuondolea nyota na mapambo kwenye matokeo lakini haigusi nafasi yako. Ya linki zinazotoka kwako unaitibu kwa kuweka nofollow au sponsored, alama zinazoiambia Google isizihesabu, kwenye linki zote ulizolipwa, zote, pamoja na ile ya rafiki yako. Ya linki zinazokuja kwako ni kazi ndefu: waandikie wenye saiti wazitoe, weka kumbukumbu ya nani umemwandikia na lini, zilizobaki ndizo unazokana. Ya kontenti nyepesi, futa au andika upya, kubadilisha maneno mawili matatu haisaidii, wanajua.

Ukimaliza unabonyeza kitufe cha kuomba kuangaliwa upya, palepale kwenye Manual actions. Huyu anayesoma ni mtu, mwandikie kama mtu. Sema ulifanya nini, usimsingizie aliyekuwa anakufanyia SEO, ile kazi ya kupandisha saiti kwenye Google, hata kama ni kweli ni yeye, sema umerekebisha nini, weka mifano na linki ya jedwali la kazi uliyofanya. Aya nne zinatosha. Halafu usitume tena mpaka ujibiwe, inaweza kuchukua siku kadhaa au wiki kadhaa, na kutuma kila asubuhi hakuharakishi kitu. Ukikataliwa maana yake kuna kitu umebakiza, rudi ukatafute.

Wapo watakaokushauri ukimbie tu, ununue domeini mpya uhamishie kila kitu. Ukihama na kontenti ileile na ridairekti zako, tatizo linaweza kukufuata mpaka huko. Na ukinunua domeini iliyowahi kutumika, siku ile ile unapoithibitisha Search Console fungua Manual actions, kwa sababu adhabu ya mwenye zamani unairithi. Ukiikuta, safisha kilichobaki, halafu andika ombi ueleze umeinunua lini na saiti sasa ni ya nini.