Somo: Kupunguza uzito kwa baiskeli na chakula baada ya miaka hamsini

Katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kustaafu kazi ya utabibu, niliendesha baiskeli karibu kila asubuhi kutoka Cheyo, hapa mjini Tabora, kuelekea Igombe, na mwisho wa miezi hiyo mizani ilionyesha kilo 92, yaani kilo moja zaidi ya niliyoanza nayo. Sikuwa na wa kumlaumu. Kila niliporudi nyumbani nilijizawadia chapati mbili na soda nikiamini kwamba jasho limekwisha kuzilipia, ilhali hesabu ilikuwa kinyume kabisa. Mtu wa kilo 90 anayekwenda polepole, chini ya kilomita 16 kwa saa, hutumia takriban kilokalori 360 kwa saa nzima, na robo ya hizo angezitumia hata kama angebaki amekaa barazani. Chapati mbili zilizopikwa kwa mafuta huweza kufikia 500, na soda ya mililita 350 huongeza kama 150. Nilikuwa nikikanyaga kwa saa moja ili nile chakula cha saa mbili.

Kwa hiyo ninachowafundisha wenzangu waliovuka miaka hamsini ni kwamba sahani ndiyo inayopunguza uzito, na kazi kubwa ya baiskeli ni kulinda moyo, sukari ya damu na misuli ya miguu wakati uzito huo unapopungua. Anayeshika kimoja na kuacha kingine hufika nilipofika mimi.

Hatua ya kwanza: jipime

Nenda zahanati au kituo cha afya upimwe shinikizo la damu na sukari kabla hujaanza. Ikiwa shinikizo limefika 180 kwa 110, baiskeli isubiri mpaka dawa zifanye kazi yake. Na ikiwa hubanwa na kifua au hukatika pumzi unapopanda ngazi, usianze kabla ya kuonana na daktari. Kisha pima uzito na urefu, ugawanye kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mfano, mtu wa kilo 90 na urefu wa mita 1.70 hupata 31, na kuanzia 30 huhesabiwa kuwa ni unene uliokithiri. Kati ya 25 na 30 ni uzito uliozidi.

Hata hivyo, kwa mtu mzima naamini tepu ya fundi cherehani kuliko mizani, kwa sababu mizani haijui kutofautisha mafuta na misuli. Kiuno cha mwanamume kinachozidi sentimita 102, au cha mwanamke kinachozidi 88, ni dalili ya mafuta mengi ndani ya tumbo, na hayo ndiyo yanayovuta kisukari na maradhi ya moyo. Jipime mara moja kwa juma, asubuhi, kabla ya kunywa chai. Usijiwekee lengo la kurudi kwenye suruali uliyoolea. Kupungua asilimia 5 tu, yaani kilo nne na nusu kwa mtu wa kilo 90, tayari huleta nafuu ya shinikizo na sukari, na mwendo wa nusu kilo kwa juma unatosha.

Hatua ya pili: irekebishe baiskeli uliyonayo

Hakuna haja ya kununua baiskeli yenye gia kumi na nane. Phoenix ya zamani iliyopakwa grisi vizuri inafaa, ila karibu kila baiskeli ninayoiona hapa Tabora ina siti iliyo chini mno, kwa sababu mwenyewe anataka kugusa ardhi akiwa amekaa. Siti ya namna hiyo ndiyo inayoumiza magoti. Kaa juu ya siti huku mtu akikushikilia, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, na mguu unyooke. Ukiisogeza pedeli chini ya kitako cha vidole, kama inavyopaswa wakati wa kuendesha, goti litabaki limekunjika kidogo. Ikiwa bado unakanyaga kwa kusukuma kwa nguvu, mwombe fundi akufungie friwili yenye meno mengi zaidi, ili miguu izunguke haraka na kwa wepesi. Goti la mtu wa miaka sitini huvumilia mizunguko mingi miepesi kuliko michache mizito.

Hatua ya tatu: anza kidogo kuliko unavyotaka

Majuma mawili ya kwanza yawe ya dakika 15 hadi 20, siku tatu kwa juma. Baada ya hapo ongeza dakika tano kila juma mpaka ufike dakika 30 au 45 kwa siku tano, na hapo utakuwa umetimiza angalau dakika 150 za juma ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza. Kipimo cha kasi ni mdomo wako: uweze kuzungumza sentensi nzima na mwenzako, lakini usiweze kuimba. Wale wanaohesabu mapigo ya moyo wakumbuke kwamba dawa za shinikizo kama atenolol huyashusha, hivyo hesabu za kwenye karatasi haziwafai.

Mji wetu umekaa tambarare na hauna milima ya kutisha, lakini una mchanga na upepo. Wakati wa kiangazi upepo hutoka mashariki na huongezeka kadiri jua linavyopanda. Kwa hiyo toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anza kwa kuukabili ungali na nguvu, urudi ukiwa nao mgongoni. Njia ya Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, inanipendeza kwa miembe yake na uchache wa magari, ingawa kwenye mchanga mzito itakubidi ushuke na kusukuma, jambo ambalo nalo ni zoezi. Barabara kuu za lami zina malori, na mtu wa umri wetu hageuki shingo upesi. Vaa nguo ya rangi kali, na ukiweza, helmeti. Bebeni maji. Kiu hupungua kadiri umri unavyosonga, hivyo usisubiri ikuambie, hasa mwezi wa Oktoba.

Hatua ya nne: sahani

Hapa ndipo penye kazi. Sikuachishi ugali wako, wala sikushauri ununue vyakula vya dukani vyenye picha za watu wembamba. Ninachotaka ni kubadilisha nafasi: nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe ugali au wali, na robo iliyobaki iwe maharage, dagaa, samaki, yai au nyama. Wengi wetu tumelelewa kuona ugali kuwa ndicho chakula na vingine vyote kuwa ni kitoweo cha kuusindikizia, na mazoea hayo hayakutudhuru tulipokuwa tukilima. Yanatudhuru sasa tunapokaa.

Mafuta yapimwe kwa kijiko. Kijiko kimoja cha chakula hubeba kilokalori 120, na mkono wa mpishi ukimimina kutoka kwenye dumu hauhesabu. Karanga ni chakula bora chenye protini, lakini gramu 100 zake zina zaidi ya kilokalori 550, kwa hiyo nsansa, yaani mboga ya majani makavu, iliyoungwa kwa karanga nyingi haiwezi kuhesabiwa kama mboga tupu. Vivyo hivyo michembe: kiazi kilichokaushwa kimepoteza maji tu, wanga wote umebaki, na bakuli moja la michembe ni sawa na sufuria ya viazi vibichi. Anayetafuna michembe mchana kutwa akisema kwamba hajala kitu anajidanganya. Mlenda, kisamvu kisichojaa mafuta na uyoga wa masika, ule kadiri upendavyo.

Chai iwe na sukari kijiko kimoja, kisha nusu, kisha bila. Ulimi huzoea baada ya majuma machache. Maandazi na chapati yawe ya siku moja kwa juma.

Hatua ya tano: misuli na mifupa

Baada ya miaka 30 mwili hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Anayejinyima chakula bila mazoezi ya nguvu hupoteza misuli pamoja na mafuta, kisha hunenepa tena kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo siku mbili kwa juma inuka na ukae kwenye kiti bila kutumia mikono mara kumi, upumzike, urudie mara tatu. Sukuma ukuta kwa mikono. Beba ndoo ya maji yenye ujazo unaoumudu. Kwa kuwa baiskeli inabeba uzito wako, haiimarishi mifupa kama kutembea, hivyo safari fupi za sokoni nenda kwa miguu. Protini iwe gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili, isipokuwa kwa wenye ugonjwa wa figo, ambao wamsikilize daktari wao.

Maswali ya wenzangu

*Shikamoo mzee. Nina miaka 52, hedhi imekoma, ninakula kama zamani lakini tumbo linaongezeka. Je, baiskeli itanisaidia, na nitaiendeshaje nikiwa na gauni?*

Marahaba, mama. Homoni za kike zinapopungua, mafuta huhama kutoka kwenye nyonga na mapaja na kwenda tumboni, na misuli nayo hupungua. Hivyo chakula kile kile cha zamani sasa kimekuwa kingi. Punguza wanga wa usiku kwanza, na usiache hatua ya tano. Baiskeli ya kike isiyo na mtalimbo inapatikana. Mwambie fundi aifunge kava ya cheni, na uvae suruali chini ya gauni.

*Mimi husafirisha maziwa kwa baiskeli kila siku, lakini kitambi hakiondoki. Kwa nini?*

Mwili wako umekwisha kuzoea mzigo huo, na moyo wako huenda ni bora kuliko wangu. Tatizo huenda liko baada ya kazi, kwenye pombe, ikiwa unakunywa. Kila gramu ya kilevi ina kilokalori 7, karibu sawa na mafuta, na kangara, pombe yetu ya kienyeji, huja na sukari yake juu ya hiyo. Jaribu mwezi mmoja bila kunywa kisha upime kiuno.

*Wanasema asali na ndimu kwenye maji ya moto huyeyusha kitambi. Sisi wa Tabora tunayo tele.*

Haiyeyushi. Asali ni sukari kwa takriban asilimia 80, na kijiko cha chakula kina kilokalori kama 64. Maji na ndimu vinywe bila asali. Najua wafuga nyuki ndugu zangu watanuna.

*Ninatumia vidonge vya glibenclamide kwa ajili ya kisukari. Je, kuna hatari?*

Ipo, nayo ni sukari ya damu kushuka mno, na wanaotumia insulini wanayo pia. Usiendeshe kabla ya kula, na umwone daktari kwanza, kwa sababu uzito ukipungua huenda dozi ikahitaji kupunguzwa. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho baridi au kuchanganyikiwa, shuka mara moja, ule vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, usubiri dakika 15 kabla ya kuendelea. Hapo asali ndiyo ina nafasi yake: weka kichupa kidogo mfukoni, usikionje mpaka siku utakapokihitaji, na mwenzako unayeendesha naye ajue kilipo.

*Baada ya nusu saa sehemu za siri hufa ganzi. Ni kawaida?*

Hutokea, lakini usiivumilie. Pua ya siti imeinuka; mwambie fundi ailaze iwe sawa na ardhi, na kila baada ya dakika kumi simama juu ya pedeli kwa muda mfupi. Ganzi ikiendelea hata ukishashuka, acha kuendesha na uende ukaonwe.