Jinsi ya kuufuata ukoo wa neno "tide"

Natembeza wageni Jambiani, pwani ya Zanzibar, na swali wanaloniuliza zaidi ni maji yatajaa saa ngapi. Mwingereza huita tide. Mjerumani ana Zeit, Mholanzi tijd, Mswidi tid, ila hao watatu wanakusudia wakati, si bahari. Wenzangu mnaojifunza lugha hizi, msidhani yamefanana kwa bahati. Ni neno moja la Kigermaniki cha kale, lugha iliyozaa hizi zote nne, na kulithibitisha kuna njia yake.

Anza na sauti, maana iache kwanza. Liandike kwa lugha zote nne kwenye mstari mmoja, kisha tafuta mengine yanayogeuka vivyo hivyo. T ya mwanzo ya Kiingereza, kwa Kijerumani huwa Z inayotamkwa "ts": ten ni zehn, tongue ni Zunge. Kiholanzi na Kiswidi vimebaki na T: tien na tio, tong na tunga. D nayo Wajerumani huifanya T: side ni Seite, wide ni weit. Hapo utaiona na irabu inavyokwenda, maana Waholanzi husema zijde na wijd, Waswidi sida na vid. Neno moja kufanana si ushahidi. Safu nzima ikikubali, shika.

Halafu ndio uiendee maana. Katika Kiingereza cha kale tīd ilikuwa wakati. Maji kujaa na kupwa yalikuwa na majina yake, flōd na ebba. Maana ya bahari iliingia baadaye, katika Zama za Kati, nami siioni ajabu: kina mama wa mwani hapa kwetu hushuka kwa bamvua, maji yanapopwa sana, siku zao zinahesabiwa kwa maji. Wajerumani wakitaka kuyataja maji hayo husema Gezeiten, Waholanzi getij, yote kutoka shina hilohilo.

Jihadhari na maneno ya kuazima. Tee, chai ya Wajerumani, haikugeuka Z kwa kuwa ilifika kutoka China mageuzi yale yamekwisha zamani. Lakini mgeni wa Hamburg anaweza kukwambia Tide, na hiyo ni ya ukoo kabisa: imetoka Kijerumani cha kaskazini, ambako T haikuguswa. Basi ukikuta T, uliza kwanza neno limepita wapi.

Kwa zoezi, chukua two, tooth na tame. Kijerumani ni zwei, Zahn na zahm. Kiholanzi na Kiswidi vitafute mwenyewe, ukianzia T.