Mafumbo yasiyo na mji: namna ya kuyacheza barazani kwa kete na vikombe

Kitendawili kina mji. Ukishindwa unatoa mji, mtegaji anakupa jibu, mambo yamekwisha. Mafumbo ya falsafa hayana mji wa kutoa. Kila hatua unaikubali kwa mdomo wako, kisha unajikuta umefika usipotaka. Baraza nyingi huyaharibu kwa kosa moja: mtu analimwaga fumbo lote kwa pumzi moja, wenzake wanasema "mh", mazungumzo yanarudi kwenye mpira.

Somo hili ni la watu 4 hadi 7, kwenye baraza yoyote ya Ngamiani, hapa Tanga, baada ya Isha. Andaa kete za bao zote 64, vikombe 3 vya kahawa, mkeka, karatasi na kalamu kwa kila mtu. Fumbo moja kwa usiku linatosha.

Lundo

Hili huhusishwa na Eubulides wa Mileto, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, na ndilo la kuanzia.

1. Mwaga kete 64 katikati ya mkeka. Uliza: hili ni lundo? Wote wataitikia.
2. Uliza tena: lundo likipunguzwa kete moja tu, linaacha kuwa lundo? Usiendelee mpaka kila mmoja aseme "hapana" kwa sauti. Hapo umewafunga.
3. Toa moja moja, ukitaja zilizobaki. Kila mtu aandike kimyakimya idadi ambayo kwake lundo limekwisha. Usitoe tano tano ili kuokoa muda. Walichokubali ni kete moja, na ukiruka wana haki ya kukukatalia. Kwa sekunde 5 kila kete, hamfiki dakika 6.
4. Fungueni karatasi. Aliyeandika 22 aulizwe: kwa hiyo 23 lilikuwa lundo, na kete moja ikaliondoa? Mbona ulisema haiwezi?

Neno *fungu* liepukeni kabisa. Sokoni fungu la nyanya ni tatu chini na moja juu, lina bei yake, na hakuna anayebisha. Mtu akishika neno hilo, fumbo linakufa papo hapo.

Jahazi

Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, aliandika habari za merikebu ya Theseus, shujaa wa hadithi zao, iliyotunzwa Athens kwa kutoa mbao zilizooza na kutia mpya. Kwa watu wa pwani sema jahazi tu. Leo ubao mmoja wa ubavuni unang'olewa, unatiwa mwingine, unapigwa kalafati. Mwakani mataruma mawili. Endelea hivyo mpaka mkuku, mlingoti na tanga lenyewe viwe vimebadilishwa. Pigeni kura: ni jahazi lile lile? Kura ziandikwe.

Baada ya hapo, wala si kabla, leta nyongeza ya Thomas Hobbes, Mwingereza wa karne ya 17: kuna mtu alikuwa akiokota kila ubao uliotupwa, na sasa ameziunga mbao zote kwa mpangilio wake wa zamani. Majahazi ni mawili. Pigeni kura upya. Ukizitoa sehemu zote mbili kwa pamoja, hakuna atakayejiona akigeuka, na kujiona ukigeuka ndiyo raha yenyewe.

Vikombe

Hili la hesabu, lililoandikwa na Mmarekani Steve Selvin mwaka 1975, liwekee wale waliochoka na maneno. Mwenye vikombe anaficha kete chini ya kimoja, juu ya mkeka ili isigonge na kutoa siri. Mchezaji anagusa kikombe. Mwenye vikombe anafunua kitupu kimoja kati ya viwili visivyoguswa, kisha anauliza: unabaki au unahama? Wengi watasema ni nusu kwa nusu. Msibishane. Chezeni mara 30, mchezaji akihama kila mara. Mtakaribia ushindi 20. Ikitoka 17 au 23 si kosa. Anayehama hushindwa pale tu alipogusa penye kete tangu mwanzo, yaani mara 1 kati ya 3.

Maswali ya wanachama

*Shekhe, sisi tulicheza 30, tukashinda 14 tu. Tumekosea wapi?*

Aliyefunua alijua kete ilipo? Akibahatisha, mara nyingine ataifunua kete yenyewe. Mkizifuta raundi hizo, zilizobaki ni nusu kwa nusu kweli.

*Jamaa kasema lundo ni kete 10 na kuendelea. Katufunga midomo.*

Mkubalieni, kisha mumuulize kama akiona lundo la mchanga huhesabu punje kwanza. Hilo la 10 amelitunga sasa hivi. Mlilouliza ni neno alilolitumia mwenyewe dakika mbili nyuma.

*Mtanga akisema "Watanga wote hawasemi kweli kamwe", hilo ndilo fumbo la mwongo, lile la sentensi inayojiita uongo yenyewe?*

Linafanana nalo, lakini lina mlango wa kutokea. Haiwezi kuwa kweli, ila inaweza kuwa uongo mtupu: yupo Mtanga aliyewahi kusema kweli, basi. Lisilo na mlango ni hili: chukua karatasi, upande mmoja andika "Sentensi ya nyuma ni kweli", upande wa pili "Sentensi ya nyuma ni uongo". Mpe mtu aigeuze mwenyewe.

*Na lile la kama Mungu aweza kuumba jiwe ambalo hawezi kulinyanyua?*

Kwenye baraza yenye wazee na wapita njia, liacheni. Dakika ya pili hamtakuwa mnaongelea jiwe tena.

*Kaka, jahazi lina namba ya usajili. Lenye namba ndilo. Kuna fumbo gani hapo?*

Namba imeandikwa kwenye ubao upi, na ubao huo sasa uko jahazi gani?