Kupima hisia za mwanafunzi anaposomea kishikwambi

Nafundisha fizikia, na kifaa ninachotumia ni Muse: mkanda wa kichwani unaopima mawimbi ya umeme wa ubongo, wenye vihisio vinne, viwili kwenye paji la uso na viwili nyuma ya masikio. Niliuchagua kwa sababu ya nywele. Kofia ya EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) yenye elektrodi, yaani vihisio, utosini inataka kugusa ngozi, nami sitamwambia binti afumue nywele alizosuka twende kilioni kwa ajili ya kipimo changu cha dakika ishirini.

Kwanza ruhusa: mzazi atie saini, na mtoto akubali kwa kinywa chake. Akisita, mwache. Matokeo yasiguse maksi zake hata kidogo.

Futa paji la uso na nyuma ya masikio kwa kitambaa chenye maji, maana mafuta ya kujipaka huharibu mawimbi. Rekodi dakika mbili akiwa amefumba macho, kisha mbili akitazama nukta ukutani. Akifumba, mawimbi ya alfa (hezi 8 hadi 13) yapande, hasa nyuma ya masikio. Hans Berger, daktari Mjerumani, aliyaeleza hayo mwaka 1929. Yasipopanda, rekebisha mkanda kabla ya kuendelea.

Sasa mpe kazi. Mimi hutumia saketi za PhET, programu ya majaribio ya sayansi ya kuigiza, kwenye kishikwambi: betri, nyaya, balbu. Hesabu beta (mawimbi ya kasi kuliko alfa) gawanya kwa jumla ya alfa na theta (ya polepole kuliko alfa), kipimo cha umakini ambacho mtafiti Pope na wenzake wa NASA, shirika la anga la Marekani, walikitumia mwaka 1995. Linganisha na dakika zake mwenyewe za utulivu, kamwe si na za jirani yake.

Hapa ndipo nilipokosea. Balbu ya binti mmoja wa kidato cha pili iligoma kuwaka, beta ikapaa, nikaandika "amevutiwa". Kumbe alikuwa anauma meno! Misuli ya taya hutoa umeme unaofanana na beta. Tangu siku hiyo nakaa kando ya mwanafunzi na daftari na saa, naandika kila anapouma meno, kukunja uso au kupepesa macho sana, na vipande hivyo navikata kabla ya kuhesabu.

Hata baada ya kusafishwa, namba hiyo husema akili iko kazini; haisemi kama mtoto anafurahi au ana hasira. Kwa hiyo kila dakika tano msimamishe, mpe picha tano za sura, kutoka yenye huzuni hadi yenye furaha, achague moja, kisha muulize kwa nini. Yule binti alichagua ya huzuni. "Nilidhani nimeiharibu, mwalimu," aliniambia. Liandike jibu kando ya grafu, kwenye dakika ileile.