Mtandao mpya wa kijamii ukiwa ughaibuni: usiingie na namba zako zote

Ukifungua akaunti kwenye mtandao mpya wa kijamii, muda si mrefu utafika kwenye skrini inayoomba ruhusa ya kusoma namba zote zilizo kwenye simu yako. Kitufe cha kukubali ni kikubwa na kina rangi ya kuita macho. Cha kukataa kiko chini yake kwa herufi ndogo, mara nyingi kimeandikwa "ruka" au "baadaye". Wengi hubonyeza kile kikubwa kwa sababu wana haraka ya kuona ndani kukoje, na kwa sisi tunaoishi ughaibuni hapo ndipo mambo huanza kuharibika.

Fikiria waliomo kwenye simu yako. Yumo msimamizi wa zamu, wakala aliyekutafutia kazi, mwenye nyumba, wakili wa mambo ya uhamiaji. Humo humo yumo mama mdogo, wamo uliosoma nao sekondari, yumo mweka hazina wa kundi la michango, na yule jamaa mliyeacha kusemeshana kwa sababu ya deni. Ukishakubali, mtandao unalinganisha namba hizo na akaunti zilizopo, kisha unaanza kukupendekeza kwao na wao kwako. Haujui nani ni wa kazini na nani ni wa nyumbani. Kesho yake msimamizi anapendekezewa akaunti yako, anaifungua, na ujumbe wa kwanza anaoukuta ni mabishano yako na binamu kuhusu siasa za nyumbani.

Kwa hiyo bonyeza "ruka". Mtandao utakuuliza tena baada ya siku chache, nawe ruka tena. Kwenye iPhone zenye iOS 18 na kuendelea unaweza kuchagua namba chache tu za kuipa programu badala ya zote, na kwenye simu yoyote ruhusa uliyokwisha kuitoa unaweza kuifuta kwenye mipangilio. Jambo jingine linalosahaulika ni barua pepe: mitandao mingi huitumia kukutambulisha vilevile. Akaunti ya kazi ifungulie barua pepe yake, ambayo ndugu hawana.

Baada ya hapo jiulize unautaka mtandao huo kwa kazi gani. Jibu likiwa "kwa kila kitu", bado hujawa tayari. Chagua jambo moja: kutafuta kazi, kujuana na watu wa fani yako katika nchi uliyopo, au kupata Waswahili wenzako mjini mwako. Mtandao ulioingia kwa jambo moja ni rahisi kuupima, na ni rahisi kuuacha.

Kwa upande wa kazi, naweka LinkedIn mbele ingawa ipo tangu 2003, kwa sababu kwa wengi wetu ni mpya. Nyumbani kazi nyingi hupatikana kwa kuulizia watu. Huku mwajiri anaweza kulitafuta jina lako LinkedIn kabla hajakupigia, na asipolikuta anaweza kumpigia mwingine. Kuna mipangilio miwili ya kushughulikia siku ile ile ya kwanza. Wa kwanza ni ule wa kutangaza kwamba unatafuta kazi: unaweza kuuonyesha kwa kila mtu, ambapo picha yako huzungushiwa fremu ya kijani, au kwa mawakala wa ajira peke yao. Kama bado uko kazini chagua njia ya pili, lakini usilale usingizi wa pono, maana LinkedIn wenyewe hawatoi uhakika kamili kwamba mwajiri wako wa sasa hatajua. Wa pili ni ule unaoamua kama mtu uliyefungua ukurasa wake ataliona jina lako. Ukitaka kuchunguza kampuni kimyakimya, uzime kwanza.

Threads, iliyoanzishwa Julai 2023 na Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, inashikamana na Instagram, na inakupa nafasi ya kuhamia na watu unaowafuata kule. Kama Instagram yako ni ya familia na marafiki, basi hapo umeanza ukurasa wa kazi ukiwa umezungukwa na familia. Anza na akaunti mpya ya Instagram kabla ya kuifungua.

Bluesky ilianza kama mradi ndani ya Twitter mwaka 2019, ikafunguliwa kwa watu wote bila mwaliko Februari 2024. Naipendekeza kwa watafiti, waandishi wa habari na watu wa teknolojia, kwa sababu unaweza kufuata orodha nzima ya watu wa fani moja kwa kubonyeza mara moja, na ukiwa na tovuti yako unaweza kuitumia kama jina la akaunti, ikawa ushahidi kwamba ni wewe kweli. Lakini unachoposti pale ni cha hadharani, na hata orodha ya watu uliowazuia inaweza kuonekana. Picha za watoto hazina nafasi pale.

Mastodon, kazi ya Mjerumani Eugen Rochko tangu 2016, imegawanyika katika seva nyingi (kompyuta zinazotunza akaunti) zinazowasiliana, kila moja ina mwenyewe. Ni mahali patulivu, pasipo matangazo ya kibiashara ya kukufuata. Ila ujue kwamba jumbe za faragha hazijafungwa kwa ufunguo wenu wawili, kwa hiyo msimamizi wa seva akitaka kuzisoma anaweza. Ukihama seva, wafuasi unahama nao, lakini uliyoyaandika yanabaki ulikotoka.

Familia je? Hapa nina msimamo: usiwahamishe. Wewe una intaneti ya nyumbani isiyokatika, wao wananunua bando, na simu ya mzee imekwisha kujaa picha za mazishi na harusi. Programu moja zaidi ni mzigo kwake. Isitoshe, mtandao unaofunguka huku huenda usifunguke kule. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na watu wakategemea VPN, yaani programu za kupita vizuizi vya intaneti. Tanzania, X (iliyokuwa Twitter) ilifungwa Mei 2025. Kwa hiyo kabla hujatangaza kwamba kikao cha familia sasa kitafanyika mahali papya, mwombe mtu mmoja aliyeko nyumbani afungue kwanza kwa bando lake la kawaida akwambie. Akishindwa, baki WhatsApp.

Kuna wanaodhani Kiswahili ni pazia, kwamba wakimsema bosi kwa Kiswahili wazungu hawataelewa. Pazia hilo limeshaondoka. Chini ya ujumbe wako kuna kitufe cha kutafsiri, na mashine hiyo hutafsiri vizuri kiasi cha kutosha kukufukuzisha kazi. Mbaya zaidi, mzaha ambao mtani wako angeucheka hutafsiriwa neno kwa neno ukawa tishio. Ujumbe ambao usingeuandika kwa lugha ya kazini kwako, usiuandike hadharani kwa lugha yoyote.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi kwenye viza. Tangu 2019, fomu ya kuomba viza ya Marekani inataka majina ya akaunti za mitandao ya kijamii ulizotumia katika miaka 5 iliyopita. Juni 2025 Marekani ikaongeza kwamba waombaji wa viza za wanafunzi na za mipango ya kubadilishana waziweke akaunti zao wazi zikaguliwe. Hii ina maana kila mtandao unaojaribu leo unaweza kuulizwa kesho, hata kama mdogo wako ndiye anayeomba na wewe unamsaidia kujaza. Weka daftari dogo: mtandao, jina ulilotumia, mwezi uliofungua, mwezi uliofunga. Akaunti uliyoichezea wiki mbili ukaisahau nayo iandike. Na kwa wanaorudi likizo, sheria za makosa ya mtandaoni za Tanzania (2015) na Kenya (2018) ni za kusomwa kabla ya kuposti.

Kuna sababu moja ya kufungua akaunti hata kwenye mtandao usioutaka: kulishika jina lako. Tapeli huchukua picha yako, hufungua ukurasa kwa jina lako kwenye mtandao ambao wewe humo, kisha anawaandikia shangazi zako kwamba umekwama na unahitaji pesa leo leo. Ndugu wanaamini kwa sababu wamesikia uko ng'ambo na mambo ya ng'ambo hawayajui. Waambie mapema, kwa sauti yako: ombi lolote la pesa kutoka mtandao mpya, mnipigie kwenye namba ile ile ya zamani mnisikie. Kisha wewe nawe uipokee simu hiyo kila mara bila kukasirika, hata kama wamekuamsha.

Na kuamshwa kupo. Kwa aliyeko Toronto wakati wa kiangazi, saa moja asubuhi ya Afrika Mashariki ni saa sita usiku. Nyumbani ndiyo kwanza wanaamka na kuanza kuposti, wewe unatafuta usingizi wa zamu ya alfajiri. Zima arifa zote za mtandao mpya tangu mwanzo, ruhusu ujumbe wa moja kwa moja peke yake, na uupe mwezi mmoja. Mwisho wa mwezi usihesabu wafuasi. Angalia kama kuna mtu wa fani yako aliyekujibu jambo la maana, au kazi uliyoisikia pale kabla ya kwingine. Hakuna? Ondoka.

Kuondoka nako kuna utaratibu wake. Google+ ilianza 2011 ikiwa na wazo zuri la kukuwezesha kuwatenga watu wa kazini, familia na marafiki katika duara tofauti. Aprili 2019 ikafungwa, na waliokuwa hawajapakua picha zao wakazikosa. Pakua nakala ya vitu vyako mara kwa mara. Ukiwa Umoja wa Ulaya au Uingereza, sheria inakupa haki ya kuomba nakala ya taarifa zako na kuomba zifutwe, na kampuni kwa kawaida hutakiwa kukujibu ndani ya mwezi mmoja. Kenya na Uganda nazo zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022.

Kuitoa programu kwenye simu hakufuti akaunti. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kufuta akaunti yenyewe, na usome muda wa kusubiri. Facebook, kwa mfano, hukuwekea siku 30 kabla ya kuanza kufuta, na ukiingia ndani ya siku hizo unaweza kulisitisha ombi lako. Kwa hiyo ukishabonyeza, usirudi kuchungulia.