Bei ya asali iliyo ndani ya bango, roboti hainukuu
Wauza asali wengi Tabora huweka kila kitu kwenye bango la picha: ndoo ya lita 20, ya nyuki wakubwa, ya nyuki wadogo, namba ya simu. Bango linapendeza, lakini ChatGPT na Perplexity, programu za akili bandia zinazojibu maswali ya watu, hutafuta maandishi ya kunukuu, na picha mara nyingi hupitwa. Yaandike yaleyale kwenye tovuti yako kama maandishi ya kawaida.

Kichwa cha ukurasa kiwe swali la mteja: "Asali ya nyuki wadogo Tabora inauzwa bei gani?" Jibu lifuate papo hapo, sentensi mbili au tatu zinazojitosheleza: bidhaa, kipimo, bei, mahali, na tarehe ya bei hiyo. "Yetu ni nafuu kuliko ile" ikinyofolewa peke yake haielezi chochote. Historia ya kampuni ikae chini kabisa, hakuna aliyeiulizia.

Kisha fungua anwani ya tovuti yako ukiongeza /robots.txt mwishoni; hilo ni faili linaloziambia roboti, yaani programu zinazosoma tovuti, wapi zisiingie. Ukikuta "Disallow: /" chini ya OAI-SearchBot (roboti ya utafutaji wa ChatGPT) au PerplexityBot (ya Perplexity), umewafungia mlango. GPTBot ni suala jingine: huyo hukusanya maandishi ya kufundishia modeli za akili bandia za OpenAI, kampuni ya ChatGPT, na waweza kumzuia bila kujitoa kwenye utafutaji wa ChatGPT. Watu humchanganya GPTBot na OAI-SearchBot, wakajifuta wenyewe kwenye utafutaji huo.

Zima pia JavaScript (msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari) kwenye mipangilio ya kivinjari, upakie ukurasa upya. Bei zikitoweka, roboti nyingi nazo hazizioni. Fundi wako aziweke ndani ya HTML yenyewe, yaani msimbo wa msingi wa ukurasa.